Nyayo za Mawese kwenye Karo

Kra-kra-kra-krrr. Halafu kimya kidogo, halafu pu, kama mtu ametua gunia la mihogo. Sauti hiyo ninayo masikioni hadi leo. Zilikuwa kucha za mbwa wa babu zikitafuta mahali pa kushika kwenye karo, zikikosa, na mwisho kiuno chake kizito cha uzee kikafika chini. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililoniuma. Mbwa wengine ukiwakanyaga mkia kidogo tu mtaa mzima unajua. Huyu alilala pale pale alipoangukia, miguu imetawanyika, akautazama mlango wa chumba cha babu kama anayeomba msamaha.

Karo ni vile vigae vyeupe vya kung'aa. Mama mdogo alizileta kutoka Bujumbura mara mbili kwa lori, akazitandika sebuleni, koridoni, kwenye baraza ndefu ya nyuma, na uani kote mpaka kwenye geti. Kwa mtaa wetu hapa Rumonge ilikuwa habari kubwa. Watu walikuja kusalimia, amahoro, amahoro, lakini macho yao yalikuwa chini, na viatu walivua kabla hawajaambiwa. Ikawa sheria ya nyumba: ukifika kwenye karo, unavua.

Nyumba ya babu ilikuwa bondeni, karibu na ziwa, na sakafu yake ilikuwa udongo. Aliijenga aliporudi kutoka Tanzania, baada ya maisha marefu ya ukimbizini, akapanda michikichi yake na kusema sasa hahami tena. Basi ziwa likapanda. Watu wanadhani maji yalikuja kwa kishindo. Kwetu yalitokea chini. Sakafu ilianza kulainika kama ugali ambao haujaiva, na asubuhi moja tukakuta ndara zetu zinaelea kando ya kitanda. Michikichi ile bado imesimama majini. Naiona nikienda sokoni, na sipendi kuitazama sana.

Mimi nilikuwa nimetumwa kwa babu na mama yangu, ambaye analima kule Bugarama. Shule niliishia darasa la tisa. Mama alisema kwa kuwa sina kazi na nina moyo laini, niende nimwangalie mzee. Sikukataa. Nilikuwa na ndoto zangu, na ndoto hazichagui mahali: siku moja nitakuwa na nyumba ya wageni ufukweni, vyumba vya rangi ya ndimu, na kila asubuhi mgeni ataletewa chai na maandazi yangu. Kila nyumba niliyoingia niliipanga upya kichwani. Hata ya babu niliipanga, pazia huku, meza kule, mpaka maji yakaja kuipanga yenyewe.

Mama mdogo ndiye aliyetutoa. Nalisema mapema kwa sababu nikianza kusimulia mambo ya mbwa mtu anaweza kumwona mbaya. Alikuja mwenyewe na pikapu yake, amevaa mabuti, akajitwisha godoro la baba yake kichwani huku maji yakimfika magotini. Ni mfanyabiashara wa mawese, mjane, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alimpa babu chumba cha nyuma, kizuri, chenye dirisha na chandarua. Mimi nikalala na binti yake, ambaye alikuwa karibu kuposwa.

Tatizo lilikuwa nje ya mlango wa chumba hicho. Kutoka pale mpaka udongo wa kwanza, ule wa nje ya geti, ilikuwa karo tupu. Mbwa hakuwa akiingia ndani ya nyumba, hapana, huku kwetu mbwa ana mahali pake. Alilala kwenye gunia mbele ya mlango wa babu, barazani. Lakini akitaka kujisaidia alilazimika kuvuka, na kuvuka kulimshinda. Alikuwa amezaliwa kwenye mchanga, amezeekea kwenye mchanga. Babu hakuwahi kumpa jina. Alimwita kwa kugonga ulimi tu, tk, tk, na mbwa akaja. Sasa babu akigonga ulimi, mbwa aliinuka, na mimi jikoni nilifumba macho kabla ya ile pu.

Mara nyingine hakuwahi kufika nje. Alijikojolea pale alipoanguka, na mimi nikapiga deki haraka mama mdogo asione. Nilikuwa napiga deki vizuri kweli, kwa sabuni ya unga na tone la petroli, yale mafuta ya taa, kwenye maji, kama nilivyoelekezwa, ili ing'ae na nzi wasikae. Ilikuwa iking'aa mpaka unaiona mikono yako.

Babu naye hakuwa akitoka. Alikaa kitandani au kwenye stuli mlangoni, mkono wake juu ya mgongo wa mbwa. Watu walisema ni huzuni ya nyumba. Mama mdogo alimletea redio, akamletea kaka mmoja wa kanisani wa kuongea naye. Babu alishukuru, murakoze, murakoze, akabaki palepale. Chooni tu alienda, kwa sababu choo hakimsubiri mtu.

Siku moja mchana mvua ilinyesha ikirushwa barazani na upepo. Mama mdogo alikuwa amepanga bidoni zake za mawese, yale madumu ya plastiki, kando ya ukuta, zikingoja wateja. Babu akagonga ulimi. Mbwa akaja mbio kidogo, labda kwa sababu ya radi, miguu ya nyuma ikamtoka, akateleza kwa ubavu mpaka kwenye bidoni ambayo kifuniko chake hakikukazwa. Mawese yakamwagika. Yalienda polepole, mekundu, yakifuata mistari kati ya karo, na yule mbwa katikati yake akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu, anaanguka. Tulichota kwa sahani. Tulifuta kwa magazeti, kwa mchanga, kwa kila kitu.

Mama mdogo hakupiga kelele, na hapo nikajua ni jambo kubwa.

"Mimi sikatai mbwa," alisema akiwa amechuchumaa na sahani mkononi. "Lakini hii nyumba imemukatala. Ataenda Kigwena kwa mulinzi wangu. Kule iko udongo, iko kivuli cha michikichi, atatembea vizuri. Wageni wa mutoto wangu wasimukute hapa."

Wageni hao walikuwa wakwe, waliokuwa wanakuja rasmi kumwomba binti. Haukubaki muda mrefu.

Kusema kweli, Kigwena ni kuzuri. Lakini mbwa mzee ukimtenga na mtu wake hali tena chakula, na nilimfikiria babu pia, ambaye kwenye maji yale ametoka na godoro, koti moja na mbwa. Alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alichofanya ni kugonga ulimi, polepole, na jioni ile ndagala, dagaa wetu hawa wa ziwani ambao anawapenda kuliko nyama, walipoa kwenye sahani.

Nikamwomba mama mdogo anipe nafasi. Nikimfundisha mbwa kuvuka bila kuanguka wala kuchafua, abaki. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kwenda mwezini. Akasema sawa, lakini pikapu ya Kigwena inajua njia.

Nilianza kwa furaha, kama ninavyoanza kila kitu. Kwanza nilimwaga mchanga, nikagombezwa kwa sababu mchanga unakwaruza karo. Nikatandika magunia. Gunia juu ya karo linateleza kuliko karo yenyewe: mbwa aliweka mguu, gunia likaondoka naye. Nikamshonea viatu kwa mguu wa jinzi ya zamani. Alisimama barazani akiinua mguu mmoja mmoja kama kuku aliyekanyaga gundi, halafu akalala chini akakitafuna kimoja.

Halafu kitenge. Nilikipitisha chini ya tumbo lake, karibu na miguu ya nyuma, nikashika ncha zote mbili juu na kutembea naye, mimi nimeinama, yeye ananing'inia. Hiyo ilisaidia. Aliweza kufika nje. Lakini wanawake wanaopita na ndoo walitusimamia pale getini kama wanatazama mpira.

"We dada, na huyo utamunyonyesha lini?" mmoja akaniuliza.

"Akiota meno," nikamjibu, wakacheka mpaka ndoo zikamwaga maji. Nami nilicheka. Usiku mgongo uliniuma, na nilijua siwezi kumbeba hivyo kila siku ya maisha yake.

Jibu lilikuja na baiskeli. Kuna kijana mmoja anayeleta bidoni za mawese kutoka vijijini, anapanda na kushuka milima nazo zimefungwa nyuma kwa vipande virefu vya mpira wa tairi la ndani. Nilikuwa namtazama akifungua, nikawaza: barabara ile yote yenye mashimo, na bidoni hazikusogea. Nikamwomba vipande vilivyochakaa. Akauliza nataka kufunga nini. Nikasema nataka kufunga baraza. Akanipa kifungu kizima, akicheka peke yake mpaka nje ya geti.

Nilishona vipande vile chini ya magunia, kwa sindano ya magodoro, mpaka vidole vikatoboka. Nikatandika gunia moja kwenye karo iliyolowa, nikalisukuma kwa mguu. Halikwenda. Nilirukaruka juu yake kama mwendawazimu.

Mengine nilijifunza kwa kumtazama yeye mwenyewe. Kucha zake zilikuwa zimerefuka tangu atoke mchangani, zinagusa karo kabla ya vidole, basi nikazisugua kila siku kwa kipande cha tofali, kidogo kidogo, yeye akigeuza uso kama mtu kwa daktari wa meno. Katikati ya vidole manyoya yalikuwa yameota mpaka yamefunika nyama ya chini ya mguu. Nikayakata kwa mkasi wa kushonea. Kwenye deki nikaacha petroli, nikapunguza sabuni, nikasuuza kwa maji safi. Niligundua pia kwamba ukimvuta anakaza miguu na kukaza ndiko kunakomwangusha, kwa hiyo sikumvuta. Nilikaa mwisho wa gunia na vichwa vya ndagala mkononi, nikamngoja. Na nafasi kati ya gunia na gunia isiwe kubwa, maana alifika ukingoni akaiangalia karo ile nyeupe kama mtu anayeangalia mto.

Alianza kuvuka. Si vizuri, lakini alivuka.

Kilichonisumbua ni miguu ya mbele. Nyuma alikuwa anashika, mbele bado ilimtoka, hata juu ya gunia, hasa asubuhi. Nami nikaona nyayo kwenye karo, za rangi ya machungwa, duara ndogo na vidole vyake. Mama mdogo naye akaziona, akasema bila shaka anakanyaga mafuta yake. Akahamisha bidoni zote stoo. Nyayo zikaendelea. Pia ukutani, kati ya chumba cha babu na choo, kulikuwa na madoa ya rangi ileile, kwenye urefu wa kiuno. Kwa hayo mama mdogo aliwalaumu wabeba bidoni, na kidogo mimi. Niliyasugua bila kufikiri.

Nililiona jambo lenyewe jioni moja, jua bado lipo. Nilikuwa nampelekea babu maji ya kunawa. Alikuwa kwenye stuli yake mlangoni, mguu wa mbele wa mbwa upo mapajani mwake, na kando yake kopo dogo lenye mawese. Aliyaomba jikoni kwa ajili ya magoti, hayo nilijua, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Alichovya kidole, akapaka chini ya mguu, kati ya vidole, taratibu, akizungusha, kama mama anavyompaka mtoto mchanga. Halafu mguu mwingine. Mbwa alikuwa amefumba macho. Na miguu ya babu mwenyewe, peku, ilikuwa inang'aa.

"Mama, kaa," akaniambia. Huniita mama, kwa sababu nilizaliwa baada ya mama yake kufa. "Ona. Mguu mukavu haushiki kitu. Bibi yako ndiye alinifundisha. Kule ukimbizini miguu ilikuwa inapasuka mpaka damu, na kila jioni alikuwa ananipaka hivi. Mguu ukilainika, unaikumbatia njia. Sikuanguka hata siku moja, wala na gunia kichwani."

Alikuwa anatabasamu. Tangu maji yaje sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Nilisimama na beseni langu. Kwenye udongo alikuwa sahihi, nilielewa hapohapo. Udongo unakunywa mafuta, vumbi linashika ngozi, mguu unabaki laini na mkavu. Karo hainywi kitu. Kila jioni alikuwa anampaka mbwa wake kile kinachomwangusha, kwa mkono uliojifunza kwa bibi, na bibi amezikwa ng'ambo, kwenye makaburi ambayo hatujui kama bado yana alama.

"Sasa anatembea vizuri zaidi, ee?" akauliza.

Nikasema, "Anatembea, babu."

Siku moja nililificha lile kopo. Akapata lingine. Nikasema labda tumwoshe mbwa jioni, kwa ajili ya viroboto. Akasema vizuri, nimwoshe, kisha nimletee apake. Kila neno nililoliandaa lilifika mdomoni likawa linasema: babu, ni wewe. Nikalimeza.

Mama mdogo alikuwa amemwona mbwa akivuka mara kadhaa. Hakusifu, lakini pikapu ilienda Kigwena bila mbwa. Ila siku mbili kabla ya wageni alisema waziwazi: siku ile magunia yatoke. Hakununua karo ili wakwe wakanyage magunia ya mihogo. Mbwa afungiwe chumbani kwa babu. Akichafua au akileta aibu, Jumatatu anapanda pikapu. Nikaitika. Nilikuwa nashukuru kwamba amesema "akichafua", si "ataenda".

Siku ya wageni ilikuwa na jua kali. Nilikusanya magunia yangu alfajiri, nikayarundika stoo, nikapiga deki mpaka karo zikawaka. Wakwe wakafika, wanaume na makoti, wanawake na imvutano zao za rangi, zile nguo zetu za sherehe. Wakavua viatu wenyewe. Sebule ikajaa. Kwa desturi mzee wa familia ndiye anayewapokea na kuonja pombe kwanza, halafu maneno yanaanza. Kiti cha babu kilikuwa mbele, chungu kando yake. Kiti kikakaa kitupu.

Wakamtuma mtu, babu akasema anakuja. Hakuja. Wageni walianza kutazama chungu, kisha dari. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba mzee amenuna kwa sababu ya mbwa wake. Mama mdogo alikuwa anatabasamu kwa meno tu. Akainuka, akanigusa bega, tukaenda wote wawili.

Babu alikuwa amesimama kizingitini. Amevaa koti lake, kofia yake, amenyoa ndevu. Peku, kama sheria ya nyumba inavyotaka. Mkono wa kushoto umeshika fremu ya mlango, wa kulia umeshika ngozi ya shingo ya mbwa, na mbwa amesimama sawasawa na yeye, pua zao zote zimeelekea baraza ile nyeupe.

"Baba, wageni wanakungoja," mama mdogo akasema kwa sauti ya chini. "Kama ni mambo ya mbwa, tutaongea kesho. Leo usiniaibishe."

"Sina hasira na wewe, mwanangu."

"Sasa ni nini?"

Babu aliukaza mkono wake kwenye fremu. Alitazama chini. "Ni hapa. Hii nyumba yako ni nzuri sana, lakini inaniangusha. Nimeanguka kwenda chooni. Nimeanguka hapa hapa, ulikuwa sokoni. Nikimushika huyu, angalau sianguki peke yangu."

Alisema kama utani, na sehemu ya mwisho ilikuwa utani kweli, ndiyo maana ilituchoma. Nikamwona mama mdogo anageuza macho kwenye ukuta. Sehemu niliyoisugua ilikuwa bado na kivuli cha rangi ya machungwa, mstari mrefu wa vidole unaoshuka. Alikaa akiutazama. Redio aliyoileta, kaka wa kanisani, huzuni ya nyumba, sijui kama aliyafikiria hayo. Mimi niliyafikiria. Tulikuwa tumekaa na mzee anayeogopa sakafu, tukasema anaomboleza, na mimi niliyeshona usiku na mchana kwa ajili ya miguu ya mbwa sikuwahi kuitazama miguu iliyosimama kando yake.

"Lete yale mavitu yako," mama mdogo akaniambia bila kugeuka.

Nikayaleta nikiwa nimeyakumbatia. Tulitandika pamoja. Yeye na imvutano yake ya hariri, ameinama, anageuza gunia upande wa mpira uwe chini, analikanyaga kwa kisigino kujaribu, anachukua lingine. Tulifika mlango wa sebule mbele ya macho ya wageni wote. Mmoja wa wakwe, mtu mnene mchangamfu, akauliza kama magunia haya nayo yamo kwenye mahari, maana yeye hakuambiwa. Watu wakacheka, na kicheko kile kikatusaidia.

Babu alivuka. Mbwa alivuka kando yake, kichwa chini, hatua kwa hatua. Katikati mguu wa mbele ukamtoka, na mkono wa babu ukaenda naye. Wakasimama. Wakaendelea. Babu akakaa, akaonja pombe, akasema maneno marefu mazuri ambayo siyakumbuki hata moja, kwa sababu nilikuwa namtazama mbwa chini ya kiti, nikiomba asijikojolee. Hakujikojolea. Binti wa mama mdogo akaombwa, akatolewa.

Jumatatu pikapu ikaenda Kigwena na mapanga na chakula cha wafanyakazi. Mbwa alikuwa amelala kwenye gunia lake. Magunia yamebaki barazani mpaka leo. Mama mdogo bado anayaita mavitu, na mgeni akiuliza anasema ni kazi za mtoto huyu mwenye mambo mengi. Babu anatoka sasa, anakaa getini, anasalimiana na wenye ndoo. Ningependa kusema yote yako sawa. Lakini miguu ya nyuma ya mbwa inazidi kunyong'onyea, na hiyo haitokani na karo. Ziwa halijashuka. Babu ananiuliza nikirudi sokoni kama mlango wa nyumba yake unaonekana, namwambia unaonekana juu tu, na anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu.

Na jioni anapaka mawese. Mama mdogo alijua siku ileile ya wageni, aliiona miguu yao. Aliniambia faraghani nimwambie mzee aache. Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye, ni baba yake. Akaenda kuhesabu bidoni zake.

Nilijaribu. Niliketi kando yake nikiwa nimepanga maneno. Alikuwa anamsimulia mbwa habari za bibi, jinsi alivyokuwa akimgombeza kwa kukanyaga miiba, huku kidole kinazunguka, kinazunguka. Nikamsaidia kushika kopo.

Kesho yake niliamka kabla ya wengine, kukianza tu kupambazuka. Nilichemsha maji kidogo, nikayapooza nikiyapima kwa mkono, nikachukua kipande cha sabuni na kitambaa cha shuka kuukuu. Mbwa aliinua kichwa, nikamgusa, akakirudisha chini. Nilimwosha mguu mmoja mmoja, kati ya vidole, mpaka nyama ya chini ikawa kavu na yenye kukwaruza kama inavyotakiwa, nikamkausha. Pazia la babu lilikuwa wazi. Alikuwa amelala chali, anakoroma, miguu imetoka nje ya blanketi. Nikapiga magoti. Nikabadilisha upande wa kitambaa, nikamfuta na yeye unyayo, polepole, wa kulia, halafu wa kushoto. Hakuamka. Nikamfunika.

Kisha nikabeba beseni, nikapita juu ya magunia, nikafungua geti bila kulipiga, nikamwaga yale maji ya rangi ya machungwa nje, kwenye udongo, nikasimama mpaka ukayanywa yote.